Nyumba Unayoishi Mwenyewe Nairobi: Nafuu za Ushuru, Haki za Kisheria na Jinsi ya Kuzidai

Sheria za Kenya hazimpi mtu nafuu kwa sababu tu ana nyumba. Zinampa nafuu anayeishi ndani yake, tena awe na karatasi za kuonyesha kwamba anaishi humo. Ndiyo maana majirani wawili wa Donholm, wenye nyumba za ramani moja na mikopo ya benki moja, wanaweza kupishana kwa zaidi ya shilingi laki moja kila mwaka. Mmoja amepeleka cheti cha riba kwa afisa wa mishahara kazini. Mwingine hajui kama kuna cheti cha namna hiyo.

Mwongozo huu unafuata safari ya mwenye nyumba tangu mkopo, ritani (tamko la ushuru) ya kila mwaka na siku ya kuuza, hadi haki zake kama mke, mume au mwenye fleti. Soma sehemu inayokuhusu leo, lakini usiiruke ile ya kuuza hata kama huna nia ya kuuza, kwa maana ushahidi wake huanza kukusanywa miaka mitatu kabla.

Riba ya mkopo wa nyumba

Hii ndiyo nafuu kubwa ya kila mwezi, na ndiyo inayosahaulika zaidi. Sheria ya Ushuru wa Mapato, Sura ya 470, inaruhusu riba unayolipa kwa mkopo wa kununua au kuboresha nyumba unayoishi itolewe kwenye mapato yako kabla ushuru haujahesabiwa. Kikomo ni Sh360,000 kwa mwaka, yaani Sh30,000 kwa mwezi. Kilipandishwa na marekebisho yaliyoanza kutumika tarehe 27 Desemba 2024. Tangu 2017 kilikuwa Sh300,000. Kuanzia Julai 2025 mkopo wa kujenga nyumba ya kuishi nao umeingizwa.

Tazama hesabu yenyewe. Chukua mfanyakazi ambaye mapato yake yanayotozwa ushuru, baada ya makato ya NSSF (akiba ya uzeeni), SHIF (bima ya afya) na ushuru wa nyumba, ni Sh150,000 kwa mwezi. Ana mkopo wa Sh5,000,000 kwa riba ya asilimia 14, wa miaka 15. Anailipa benki kama Sh66,600 kila mwezi, na katika mwezi wa kwanza Sh58,333 kati ya hizo ni riba tupu. Bila nafuu, PAYE yake (ushuru unaokatwa kwenye mshahara) baada ya punguzo la kibinafsi la Sh2,400 ni Sh37,383. Ukitoa Sh30,000 za riba, ushuru unahesabiwa kwa Sh120,000, na PAYE inashuka hadi Sh28,383. Amebaki na Sh9,000 mfukoni kila mwezi, Sh108,000 kwa mwaka. Aliye kwenye kiwango cha juu kabisa cha asilimia 35 anaokoa Sh10,500 kwa mwezi.

Ona mambo mawili hapo. Kwanza, ile riba ya Sh28,333 iliyovuka kikomo haina nafuu yoyote, wala huwezi kuihamishia mwaka ujao. Pili, kinachopunguzwa ni mapato, si ushuru wenyewe. Wengi wakisikia "Sh30,000" hudhani PAYE itapungua kwa kiasi hicho, kisha wanagombana bure na ofisi ya mishahara.

Masharti ambayo watu hukwama nayo ni haya. Mkopo lazima utoke kwa taasisi iliyotajwa katika Jedwali la Nne la sheria hiyo, kama vile benki, kampuni ya bima, chama cha ujenzi au Shirika la Nyumba la Taifa. Pesa za chama cha kuchangiana, za shemeji au za programu ya simu hazihesabiki, hata kama kila shilingi ilienda kwenye matofali. Ukikopa kwa taasisi ya aina nyingine, iombe ikueleze kwa maandishi kama imo katika jedwali hilo kabla hujasaini, si baada. Barua ya mkopo pia itaje wazi kwamba pesa ni za kununua, kujenga au kuboresha nyumba ya kuishi. Mkopo wa kawaida wa mshahara ulioandikwa "matumizi binafsi" utakutesa, hata kama ulitumika kuezeka paa.

Nyumba ni moja tu. Mwenye nyumba Imara Daima na nyingine Kitengela achague ile anayoishi. Na ukiishi humo sehemu ya mwaka, nafuu inapunguzwa vivyo hivyo: ukihamia mwezi wa Juni, una miezi saba, kwa hiyo kikomo chako mwaka huo ni Sh210,000.

Hatua za kudai kazini:

1. Omba benki barua au cheti kinachoonyesha jina lako, namba ya akaunti ya mkopo, kiasi ulichokopa, salio, na riba ya kila mwezi ikiwa imetenganishwa na marejesho ya mkopo wenyewe. Taarifa ya akaunti inayoonyesha malipo kwa jumla haitoshi.
2. Peleka cheti hicho, nakala ya barua ya mkopo na maelezo mafupi kwamba unaishi katika nyumba hiyo kwa afisa wa mishahara. Baki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa.
3. Kagua stakabadhi ya mshahara ya mwezi unaofuata. Mapato yanayotozwa ushuru yawe yameshuka. Kama hayajashuka, uliza mwezi huohuo, usingoje Desemba.
4. Mwanzoni mwa kila mwaka peleka cheti kipya, kwa kuwa riba hupungua kadiri mkopo unavyolipwa. Mwajiri akiendelea kutumia Sh30,000 wakati riba yako imeshuka hadi Sh22,000, deni la tofauti hiyo ni lako wewe, si lake.

Kwenye ritani ya iTax

Mwajiri akikataa kukupa nafuu hiyo, hujaipoteza. Utaidai mwenyewe katika ritani ya mwaka, ambayo huwasilishwa kwenye iTax, mtandao wa Mamlaka ya Mapato (KRA), kati ya Januari na 30 Juni. Katika ukurasa wa maelezo ya msingi kuna swali kama una mkopo wa nyumba. Jibu ndiyo. Ukijibu hapana, sehemu ya kujaza riba haitafunguka, na kosa hili dogo huwanyima watu wengi haki yao. Ikifunguka, utaweka PIN (namba ya ushuru) ya aliyekukopesha, namba ya akaunti, kiasi cha mkopo, salio la mwisho wa mwaka na riba uliyolipa. PIN ya benki iwe imeandikwa kwenye cheti. Iombe siku unayochukua cheti ili usirudi tena.

Fomu ya P9, ile ya mwajiri inayoonyesha mshahara na ushuru wako wa mwaka, ikionyesha kwamba mwajiri tayari alikupa nafuu, jaza kiasi kilekile. Ikiwa hakukupa, ritani itaonyesha kwamba wewe ndiye unayeidai KRA, yaani umelipa zaidi. Hapo unaomba kurudishiwa kupitia iTax na kuambatisha P9, cheti cha riba na barua ya mkopo. Miaka iliyopita nayo haijafungwa: ritani inaweza kurekebishwa ndani ya miaka mitano. Aliyenunua nyumba South B mwaka 2022 na hajawahi kudai anaweza kurudi nyuma, akikumbuka kwamba mwaka huo kikomo kilikuwa Sh300,000.

Siku ya kuuza: miaka mitatu ya kuishi humo

Ushuru wa faida ya mtaji ni asilimia 15 tangu Januari 2023. Kabla ya hapo ulikuwa asilimia 5. Nyumba ya kuishi haitozwi, lakini kwa sharti lililoandikwa kwa makini: mwenye nyumba awe mtu binafsi, na awe ameishi humo mfululizo kwa miaka mitatu inayotangulia uhamisho moja kwa moja.

Sema ulinunua nyumba Umoja kwa Sh6,000,000, ukaongeza vyumba kwa Sh1,500,000, na sasa unaiuza kwa Sh14,000,000, huku wakili na mthamini wakichukua Sh300,000. Faida ni Sh6,200,000. Asilimia 15 yake ni Sh930,000. Ukiwa umeishi humo miaka mitatu ya mwisho, hulipi hata senti. Ukiwa ulihamia Ruaka mwaka jana ukaipangisha ile ya Umoja "kwa muda tu", karibu milioni moja imekwenda. Hakuna kosa lenye gharama kubwa kuliko hilo katika mambo haya yote. Miaka kumi uliyoishi humo kabla haikuokoi, maana sheria inaangalia mitatu ya mwisho. Kama unajua utauza, uza kwanza, kisha uhame.

Jina la kampuni nalo ni mtego. Wako walioshauriwa waandikishe nyumba kwa kampuni ya familia ili kulinda mali, na siku ya kuuza wakakuta msamaha ni wa mtu binafsi peke yake.

Ushahidi wa kuishi humo anza kuuweka sasa. Bili za maji zenye jina lako na namba ya nyumba, risiti za tokeni za stima za mita hiyo, risiti za ada ya ulinzi na takataka za chama cha wakazi, barua za benki zilizotumwa anwani hiyo. Tokeni zina nguvu ya pekee kwa sababu zinaonyesha matumizi ya mwezi hadi mwezi. Usitegemee ujumbe wa simu, kwani simu hupotea. Hifadhi kwa barua pepe au chapisha na uweke kwenye faili. Risiti za ukarabati nazo usitupe: fundi akuandikie risiti yenye tarehe, jina na kazi aliyofanya. Ukipoteza msamaha kwa sababu yoyote, risiti hizo ndizo zitakazopunguza faida. Ile Sh1,500,000 ya vyumba vya Umoja isingekuwa na risiti, ushuru ungepanda kwa Sh225,000.

Kusamehewa hakumaanishi kukaa kimya. Tamko la uhamisho hujazwa kwenye iTax hata kama ushuru ni sufuri, na stakabadhi ya msamaha ndiyo itakayotakiwa wakati wa kusajili. Pale ushuru unapostahili kulipwa, tangu 2023 muda wake ni siku ya kupokea bei yote au siku ya kusajili uhamisho, yoyote itakayotangulia.

Kuna misamaha mingine inayowagusa wenye nyumba: uhamisho kati ya mume na mke, uhamisho kati ya waliotalikiana kama sehemu ya makubaliano ya talaka, na ardhi ambayo thamani ya uhamisho wake haizidi Sh3,000,000. Kumpa ndugu au binamu kwa "bei ya kifamilia" hakumo humo, na mthamini wa serikali ataangalia bei ya soko.

Ushuru wa stempu na akiba ya uzeeni

Mnunuzi wa nyumba Nairobi hulipa ushuru wa stempu wa asilimia 4 ya thamani. Mashambani ni asilimia 2. Anayenunua nyumba yake ya kwanza chini ya mpango wa nyumba za gharama nafuu amesamehewa. Kwa nyumba ya Sh4,000,000 hizo ni Sh160,000. Msamaha ni wa nyumba ya kwanza na ya mpango huo tu. Fleti ya mjenzi binafsi pale Kasarani haiingii, hata tangazo lake likiandikwa "gharama nafuu" kwa herufi kubwa. Mwulize muuzaji hati ya kuidhinishwa kwa mradi.

Bei ya nyumba ya kuishi haina VAT (ushuru wa ongezeko la thamani). Ukiona asilimia 16 imeongezwa kwenye bei ya fleti ya makazi, mwite wakili wako kabla ya kulipa.

Mwenye akiba katika mpango wa pensheni anaweza, tangu kanuni za 2020, kutumia hadi asilimia 40 ya akiba yake kununua nyumba ya kuishi, isizidi Sh7,000,000. Ni pesa za uzee wako unazozigusa mapema, kwa hiyo uombe msimamizi wa mpango akuandikie kiasi kitakachobaki utakapostaafu, ndipo uamue.

Ukipangisha kijumba cha nyuma

Kuishi kwako mwenyewe hakuna ushuru wa mapato. Kijumba cha uani ukikipangisha, hiyo kodi anayolipa mpangaji ina ushuru. Mapato ya kupangisha kati ya Sh288,000 na Sh15,000,000 kwa mwaka hutozwa asilimia 7.5 ya kodi yote bila kutoa gharama, na ritani yake ni kila mwezi, isipite tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kijumba cha Sh10,000 kwa mwezi kinaleta Sh120,000, chini ya kiwango hicho, kwa hiyo unakitangaza katika ritani ya mwaka na kutoa gharama zake.

Jina kwenye hati, mke na mume

Hapa pesa si nyingi lakini machozi ni mengi, kwa hiyo soma polepole.

Chini ya Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, nyumba ambayo wanandoa wanaishi haiwezi kuuzwa, kuwekwa rehani wala kukodishwa na mmoja bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina moja. Mwanandoa hawezi kufukuzwa humo wakati ndoa ingalipo isipokuwa kwa amri ya mahakama. Sheria ya Ardhi ya 2012 nayo inataka mwenzi asaini au aonyeshe ridhaa yake ndipo rehani ya nyumba hiyo iwe halali. Mwenye hofu kwamba nyumba inauzwa kisirisiri anaweza kuweka zuio kwenye rejista ya ardhi, na hilo lifanyike mapema, kabla mnunuzi hajalipa.

Mali iliyoandikwa jina la mmoja inachukuliwa kuwa ameishika kwa niaba ya mwenzake pia. Iliyoandikwa majina yote mawili inachukuliwa kuwa yao sawa kwa sawa. Dhana hizo zote zinaweza kupingwa kwa ushahidi. Mahakama ya Juu ilieleza Januari 2023 kwamba ndoa peke yake haimpi mtu nusu ya mali. Kila mmoja aonyeshe mchango wake. Mchango si pesa tu: kulea watoto, kutunza nyumba na kusimamia shamba ni mchango. Hata hivyo, anayelipa fundi au karo ili mwenzake alipe benki na aweke risiti zake. Si kutoaminiana. Ni kumrahisishia hakimu kazi siku ambayo hamuiombei.

Mkinunua pamoja, wakili atauliza mnamiliki vipi. Msijibu "vyovyote". Umiliki wa pamoja usio na mafungu una maana kwamba mmoja akifariki, aliyebaki anapeleka cheti cha kifo kwa msajili na jina la marehemu linafutwa. Nyumba haingii kwenye kesi ya urithi. Umiliki wa mafungu una maana kila mmoja ana sehemu yake, nusu kwa nusu au robo kwa robo tatu, na sehemu ya marehemu huenda kwa warithi wake kupitia mahakama. Kwa wanandoa wenye watoto wao tu, aina ya kwanza mara nyingi huondoa mahangaiko makubwa. Mwenye watoto wa ndoa ya awali afikiri mara mbili, kwani watoto hao wanaweza kuachwa mikono mitupu.

Hati yenyewe na fleti

Hati miliki ni ushahidi wa umiliki, ila si ngome isiyobomoleka. Katika uamuzi wa Aprili 2023 kuhusu ardhi ya Mombasa, Mahakama ya Juu ilisema mwenye hati hawezi kujikinga nayo ikiwa ardhi ilitolewa kinyume cha sheria tangu mwanzo. Kwa hiyo usiishie kwenye utafutaji wa jina la mwenye sasa kwenye Ardhisasa, mtandao wa serikali wa rekodi za ardhi. Wakili afuatilie historia: nani aligawiwa kwanza, ramani ya upimaji inasema nini, je, eneo lilitengewa barabara, shule au kingo za mto?

Kwa fleti, wengi wa Kilimani na Kileleshwa wanashikilia mkataba wa muda mrefu wa kukodi wala si hati. Sheria ya mwaka 2020 inayohusu majengo ya aina hiyo inampa kila mwenye fleti hati yake, pamoja na sehemu ya maegesho, ngazi na uwanja, na kuwafanya wenye fleti wote wanachama wa shirika linaloendesha jengo. Kubadilisha mkataba wa zamani kunaweza kuanzishwa na mjenzi, kampuni ya usimamizi au mwenye fleti mwenyewe. Mnahitaji mpimaji atengeneze ramani ya mgawanyo, hati mama ya ploti na mikataba mliyo nayo. Kinachokwamisha zaidi ni hati mama: mjenzi bado ana deni la benki au ameificha. Ndiyo maana swali la hati mama liulizwe kabla ya kulipa amana ya asilimia 10, na jibu liingie kwenye mkataba wa mauziano.

Sehemu kubwa ya ardhi ya Nairobi ni ya kukodi kutoka serikalini, mara nyingi miaka 99. Hesabu miaka iliyobaki. Muda ukiisha, raia wa Kenya aliyekuwa anaishikilia ana haki ya kupewa kwanza, isipokuwa ardhi inahitajika kwa matumizi ya umma. Usingoje uishe: kaa na kodi ya ardhi ya serikali na reti za kaunti zikiwa zimelipwa, kwa sababu bila vyeti vya kutodaiwa hakuna ombi litakalosogea.

Ukichelewa kulipa mkopo

Benki haiwezi kuamka tu na kuiuza nyumba yako. Kwanza inakupa notisi ya kukueleza deni na muda usiopungua miezi mitatu wa kulirekebisha. Usiporekebisha, inatoa notisi nyingine ya kuuza yenye siku zisizopungua 40. Dalali naye ana notisi yake ya siku 45 kabla ya mnada. Mwenzi wako wa ndoa aliyeridhia rehani naye apewe notisi. Benki ina wajibu wa kutafuta bei nzuri kadiri inavyowezekana, kwa hiyo uwe na ripoti ya mthamini wako mwenyewe mkononi.

Barua ya kwanza ikifika, usiifiche kabatini. Jibu kwa maandishi ndani ya wiki moja, ukipendekeza kiasi unachoweza kulipa kwa mwezi, na uweke nakala yenye mhuri. Ukifika mahakamani Milimani kuomba mnada usimamishwe, hakimu ataanza na maswali mawili: notisi zilitolewa sawasawa? Na wewe ulifanya nini ulipozipata? Aliyeuza gari akalipa sehemu ya deni ana la kusema. Aliyekuja siku moja kabla ya mnada bila risiti yoyote huwa amechelewa, hata kama benki nayo ilikosea tarehe.